Ukishusha Magurudumu Pua Inaenda Wapi? Mwongozo Kamili wa Kujaribu Kwenye Simuleta

Uko maili tano kutoka njia ya 36 ya uwanja wa Zanzibar, ndani ya Baron 58, ndege ndogo ya injini mbili, kwenye simuleta ya X-Plane. Ndege imetulia, trimu (kidhibiti kinachoshikilia usukani badala ya mkono wako) imekaa sawa, mkono umepumzika tu juu ya jostiki. Unabonyeza G, kitufe cha kushusha magurudumu. Taa tatu za kijani zinawaka, na kabla hujashusha pumzi pua inaanza kuzama. Unavuta. Pua inapanda, kasi inaporomoka, unasukuma, pua inazama tena. Unafika kwenye kizingiti cha njia ukiwa umechoka kupigana na ndege ambayo dakika mbili nyuma ilikuwa inajiendea yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko hapo. Mimi nilikaa hapo muda mrefu. Nilipunguza wepesi wa jostiki, nikapakua ndege nyingine, nikarudi kwenye ya kwanza, na pua ikaendelea kuzama vilevile. Kilichonitoa ni jaribio moja nililolifanya kwa utaratibu, kalamu mkononi. Ndipo nilipoona kwamba kuna mambo mawili yanayofuatana, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni msukumo wa sekunde chache unaoigeuza pua. La pili huja polepole, na mara nyingi ndilo kubwa: ndege inaitafuta kasi iliyotrimiwa. Anayeyachanganya mawili haya huvuta pale anapotakiwa kusubiri.

Kwanza, trimu inashika nini?

Wengi wetu tunadhani trimu inashika pua mahali pake, au inashika kimo. Haishiki hayo. Ndege ya kawaida isiyo na kompyuta katikati, ikishatrimiwa, inashika pembe ambayo bawa linakutana na hewa. Kwa uzito uleule, pembe hiyo ni sawa na kasi fulani. Ukiitrimu kwa noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, itazitafuta noti 90 hata kama itabidi ishuke ili izipate.

Sasa ongeza magurudumu. Miguu mitatu, matairi, na milango iliyo wazi vinaingia kwenye upepo. Mburuto, yaani nguvu ya hewa inayoivuta ndege nyuma, unaongezeka ghafla huku nguvu ya injini ikiwa ileile. Kasi inaanza kupungua, na ndege inainamisha pua ili mteremko uirudishie kasi yake. Hakuna aliyeisukuma pua chini. Ndege imelipa deni la mburuto kwa kimo.

Tutumie ndege ya mfano, ya injini moja na watu wanne. Uzito kilo 1,200, eneo la mabawa mita za mraba 16, kasi noti 90, ambazo ni kama mita 46 kwa sekunde. Kwenye usawa wa bahari, kwa hewa ya kiwango, shinikizo la upepo kwa kasi hiyo ni karibu paskali 1,310. Tuchukulie kwamba magurudumu yanaongeza 0.02 kwenye kizidishi cha mburuto. Zidisha vyote vitatu, yaani 1,310 mara 16 mara 0.02, upate karibu nyutoni 420. Uzito wa ndege ni kama nyutoni 11,770. Gawanya: 0.036. Huo ni mteremko wa nyuzi 2 hivi, na kwa noti 90 ni futi 325 kwa dakika. Kwa mburuto peke yake, ndege iliyokuwa inaenda sawasawa sasa inashuka futi 325 kila dakika kwa kasi ileile, na pua iko nyuzi 2 chini ya ilipokuwa.

Kisha kuna ule msukumo wa kwanza, na una vyanzo kadhaa. Mburuto wa magurudumu uko chini ya kitovu cha uzito. Kama uko mita moja chini, nyutoni 420 zinaivuta pua chini kwa nyutoni-mita 420. Halafu miguu yenyewe ina uzito na inahama. Mguu wa pua wa kilo 20 uliosogea mbele kwa sentimita 80 unakisogeza kitovu cha uzito milimita 13 tu, lakini zidisha milimita hizo kwa uzito wa ndege nzima upate nyutoni-mita 157, zikiongezeka upande wa kuinamisha.

Uelekeo wa miguu hutofautiana. Kwenye Piper Arrow mguu wa pua hukunjwa kuelekea nyuma, kwa hiyo ukishuka unaenda mbele. Kwenye Boeing 737 mguu wa pua hukunjwa kuelekea mbele, kwa hiyo ukishuka unarudi nyuma, na miguu mikuu huingia kwa ubavu bila kubadili kitu kikubwa mbele au nyuma. Cessna 172RG ni kinyume kabisa: miguu mikuu hulala nyuma ndani ya kiwiliwili, na ikishuka inakuja mbele. Ongeza milango inayofunguka na upepo uliovurugwa unaofika mkiani, na utaelewa kwa nini ndege nyingi huinamisha pua lakini si zote, na kwa nini hakuna jibu moja unaloweza kulikariri. Vitabu vya marubani wa Kiingereza vya Vita Kuu ya Pili vilikuwa na sehemu fupi ya mabadiliko ya trimu kwa magurudumu na kwa flapu (vibao vinavyoshushwa nyuma ya mabawa), ndege kwa ndege. Walijua kwamba lazima yaandikwe.

Kwa Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ya jambo hili kutushtua. Ndege ndogo ambayo wengi wetu tumeipanda kwenda Zanzibar au mbugani ni Cessna 208 Caravan, na miguu yake haikunjwi. Ukijifunzia simuleta kwenye Caravan au Cessna 172 ya kawaida, somo hili halikufikii mpaka siku unapohamia ndege nyingine.

Hatua ya 1: Chagua ndege inayosema ukweli

Tafuta ndege ndogo yenye miguu inayokunjwa na usukani uliounganishwa moja kwa moja na eleveta, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua. Kwenye X-Plane 12, Baron 58 inakuja na programu yenyewe. Kwenye Microsoft Flight Simulator, Bonanza G36 inafaa sana. FlightGear ni ya bure, na ina Piper Comanche na Seneca II za kupakua.

Usianze na Airbus A320. Katika sheria yake ya kawaida ya kuruka, ukiachia fimbo kompyuta inashika njia ya ndege na kujitrimu yenyewe. Magurudumu yakishuka pua haitikisiki, kasi tu ndiyo inayopungua. Boeing 777 nayo hufidia mabadiliko ya magurudumu kwa kompyuta zake. Ukiziona zimetulia usiseme simuleta imekosea. Kinyume chake ni kweli: A320 ya simuleta inayopiga kichwa chini kila ukishusha magurudumu, ikiwa katika sheria ya kawaida, haikutengenezwa vizuri.

Hatua ya 2: Safisha mazingira

Zima misaada yote ya kuruka, hasa ule wa kutrimu kwa niaba yako. Weka upepo sifuri, bila mawingu, bila misukosuko. Kama simuleta yako inaweza kuzuia mafuta yasipungue, izuie. Pakia watu wawili mbele na nusu tangi, uandike uzito uliopata. Nenda juu ya bahari, mashariki ya Unguja panafaa, kwa sababu upeo wa macho hapo ni mstari ulionyooka na hakuna mlima wa kukupa wasiwasi. Kimo kiwe futi 4,000.

Soma kasi ya kipimo cha ndani ya ndege, usisome kasi ya ardhini. Noti 90 za kipimo ni shinikizo lilelile la upepo ukiwa chini au juu, kwa hiyo hesabu ya mburuto haibadiliki. Kwa futi 4,000 kasi yako halisi itakuwa kama noti 95, na mshuko utaonekana mkubwa kidogo kuliko kwenye hesabu ya usawa wa bahari.

Hatua ya 3: Jua kikomo cha kasi

Kila ndege ina kasi mbili za magurudumu: VLO, kasi ya juu ya kuyashusha au kuyapandisha, na VLE, kasi ya juu ya kuruka yakiwa tayari nje. Kwa Bonanza G36 zote mbili ni noti 154. Kwa 737-800 ni noti 270 kushusha, 235 kupandisha, na 320 yakiwa nje. Kwa A320 ni 250, 220 na 280. Kupandisha kuna kikomo cha chini zaidi kwenye ndege nyingi, na wengi hukisahau.

Jaribio letu lifanyike chini kabisa ya kikomo, kwa kasi utakayotumia kuukaribia uwanja. Noti 100 hadi 110 ni nzuri kwa Bonanza, na kidogo juu ya hapo kwa Baron.

Hatua ya 4: Trimu mpaka mkono uwe huru

Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika. Weka nguvu ya injini, magurudumu juu, flapu juu. Shika kimo kwa mkono mpaka kasi itulie, kisha anza kutrimu.

Jostiki yenye springi inakudanganya kwa njia moja ambayo ni muhimu kuielewa. Kwenye ndege halisi ya aina hii, unaposhikilia usukani nyuma kisha ukatrimu, usukani unabaki palepale na uzito mkononi unaisha. Jostiki ya mezani haijui hilo. Springi yake hurudi katikati siku zote, kwa hiyo unapoongeza trimu ya kuinua pua lazima wakati huohuo uiachie jostiki taratibu kuelekea katikati, kwa kadiri ileile. Usipofanya hivyo utakuwa umeongeza mara mbili, na pua itaruka juu. Mimi hutrimu kidogo, naachia kidogo, nasubiri, narudia. Kama kitufe chako cha trimu kinaruka hatua kubwa mno, rekebisha kwenye mipangilio kabla ya kuendelea, au tumia gurudumu la trimu kwa kipanya.

Achia kabisa. Kwa dakika nzima kasi isitoke nje ya noti moja na kimo kisitoke nje ya futi 50. Kama haijafika hapo, hujawa tayari. Rudia.

Andika sasa: kasi, kimo, nyuzi za pua kwenye upeo bandia (kipimo kinachoonyesha pua iko juu au chini kiasi gani), nguvu ya injini, na mahali trimu ilipo. X-Plane ina ukurasa wa kuonyesha data hizi juu ya skrini. Kwenye FlightGear bonyeza alama ya mkwaju, utafunguliwa orodha ya vipimo vyote vya ndege, na humo unaweza kuona pua kwa sehemu ndogo za nyuzi.

Hatua ya 5: Shusha, usiguse kitu

Anza kurekodi video ya skrini, au andaa saa. Shusha magurudumu. Mikono mbali na jostiki. Hata kidole.

Angalia sekunde 10 za kwanza peke yake. Pua imesogea upande gani kabla kasi haijabadilika? Huo ndio msukumo. Kasi haiwezi kuporomoka papo hapo, kwa sababu ndege ni nzito, kwa hiyo mwendo wowote wa pua unaoonekana wakati miguu ingali inatoka hautokani na kasi. Andika: imeshuka nusu nyuzi, imepanda nyuzi moja, haikusogea.

Kisha endelea kusubiri bila kugusa. Pua itazama, kasi itaongezeka kupita ile ya mwanzo, pua itapanda, kasi itapungua, na mawimbi hayo yatajirudia huku yakififia. Mawimbi haya yana jina, fugoidi, lililobuniwa na Mwingereza Frederick Lanchester mwaka 1908. Alilichukua kwenye Kigiriki akidhani amepata neno la kuruka angani, kumbe neno lile ni la kukimbia na kutoroka, jina likabaki. Kwa noti 90 wimbi moja huchukua kama sekunde 20 au zaidi kidogo. Yule anayeanza kuvuta na kusukuma kwenye sekunde ya nane anaingia katikati ya wimbi na kulikuza. Ndiyo ile vita niliyoieleza mwanzoni.

Subiri dakika mbili au tatu, mpaka mawimbi yaishe.

Hatua ya 6: Soma kasi ya mwisho

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu kipimo kimoja kinakwambia kila kitu. Ndege sasa inashuka kwa utulivu. Kasi yake ni ipi?

Kama imerudi palepale ilipotrimiwa, magurudumu hayakuleta msukumo wowote wa maana kwenye pua. Yote uliyoyaona yalikuwa mburuto. Kama kasi imekaa juu ya ile ya mwanzo, kuna msukumo wa kuinamisha pua, na tofauti ya kasi ndiyo ukubwa wake. Kama imekaa chini, msukumo ni wa kuinua pua.

Turudi kwenye ndege ya mfano. Nyutoni-mita 420 za kuinamisha, kwa upana wa bawa wa mita 1.6 kutoka mbele hadi nyuma, ni kizidishi cha kama 0.0125. Kwa ndege ya uthabiti wa kawaida hiyo inapunguza pembe ya bawa kwa karibu nyuzi moja, na kasi iliyotrimiwa inapanda kutoka noti 90 hadi karibu 97. Noti saba si kitu cha kubishania. Zinaonekana wazi kwenye kipimo.

Watu hukosea kwa kuangalia pua tu. Pua ikiwa nyuzi 3 chini haikuambii ngapi zimetoka kwenye mburuto na ngapi kwenye msukumo. Kasi ndiyo inayozitenganisha.

Hatua ya 7: Pima mburuto wenyewe

Rudi futi 4,000, trimu upya magurudumu yakiwa juu, kisha shusha. Safari hii shika kasi ileile ya mwanzo kwa jostiki, bila kugusa nguvu ya injini. Subiri mshuko utulie. Zidisha kasi yako halisi kwa 101 ili upate futi kwa dakika, kisha gawanya mshuko kwa namba hiyo. Ukizidisha jibu kwa uzito wa ndege kwa kilo, unapata mburuto wa magurudumu kwa kilo za nguvu. Ndege ya mfano: 325 gawa kwa 9,100 ni 0.036, mara 1,200 ni kilo 43. Ni kama kubeba mfuko wa saruji unaovuta nyuma muda wote.

Halafu fanya upande wa pili: shika kimo na kasi, ongeza nguvu ya injini mpaka zote mbili zikae. Andika nguvu hiyo. Utaihitaji siku ukiambiwa na mwongozaji wa safari za anga ubaki kwenye kimo huku magurudumu yako yako nje.

Rudia kila jaribio mara tatu. Kama majibu yanatofautiana sana, kosa liko kwenye hatua ya 4.

Hatua ya 8: Tumia namba zako kutua

Mteremko wa kawaida wa ILS, mfumo wa redio unaoongoza ndege kutua, ni nyuzi 3. Kwa noti 90 za ardhini hiyo ni kama futi 480 kwa dakika. Magurudumu ya ndege yetu ya mfano yanakupa 325 bure. Kwa hiyo unaukaribia mteremko ukiwa sawasawa, magurudumu juu, kasi ya kukaribia tayari imetrimiwa; mshale wa mteremko unapokaribia katikati unashusha magurudumu, unapunguza nguvu kidogo kwa zile futi 150 zilizobaki, na ndege inaanza kuteremka karibu yenyewe. Marubani wa ndege ndogo wamefanya hivi kwa miaka mingi. Zile nyuzi za pua ambazo jaribio lilikuonyesha sasa ni rafiki yako: unajua pua inatakiwa kukaa wapi, unaiweka pale kwa mkono wakati miguu inatoka, huingoji izame ndipo ushtuke.

Mpangilio wa mikono ni huu. Shusha. Papo hapo zuia msukumo wa kwanza kwa mguso mdogo. Weka pua kwenye nyuzi ulizoandika. Weka nguvu uliyoandika. Subiri kasi itulie. Mwisho kabisa trimu. Anayetrimu kwanza anatrimu kwa kasi ambayo bado inabadilika, na atatrimu tena na tena mpaka chini.

Tahadhari moja kuhusu rubani otomatiki. Ukishusha magurudumu huku akiwa ameshika kimo, na hakuna anayeongeza nguvu, atainua pua na kutrimu kuelekea juu ili kimo kisipotee. Kwa macho ndege imetulia. Kasi inaondoka kimyakimya. Kisha unamzima ukiwa noti 75, trimu iko juu, na ndege inayumba mkononi mwako. Kama yeye ndiye anayeruka, mkono wako uwe kwenye nguvu ya injini wakati magurudumu yanatoka.

Kama ndege yako ya simuleta imekosea

Baada ya jaribio unaweza kugundua kwamba ndege haina msukumo wowote, au ina mwingi kupita kiasi, tofauti na inavyosema hati ya ndege halisi. Hapo unaweza kuingia ndani ya faili. Nakili faili ya asili kwanza uiweke pembeni.

FlightGear ndiyo iliyo wazi kuliko zote. Ndege zake nyingi hutumia injini ya hesabu iitwayo JSBSim, na ndani ya faili ya ndege kuna sehemu ya aerodinamiki iliyogawanywa kwa mihimili. Tafuta mhimili wa DRAG, utakuta kipengele cha magurudumu kinachotumia gear/gear-pos-norm, ambayo ni 0 yakiwa juu na 1 yakiwa chini. Sasa tafuta mhimili wa PITCH. Mara nyingi hakuna kitu cha magurudumu humo. Sababu ni kwamba JSBSim huweka nguvu zote za hewa kwenye nukta moja ya rejea. Mburuto ulioandikwa kwenye DRAG haujui kwamba matairi yako mita moja chini. Ndege inapata mzigo wa mburuto bila ule msukumo wa pua.

Dawa ni kuongeza kipengele kwenye PITCH kinachozidisha vitu vitano: aero/qbar-psf, metrics/Sw-sqft, metrics/cbarw-ft, gear/gear-pos-norm, na namba yako. Hasi ni pua chini. Anza na -0.01, rudia hatua ya 5 na ya 6, angalia kasi ya mwisho, rekebisha kwa hatua ndogo. Ukizidisha vipimo hivyo vyote unapata msukumo unaokua na kasi, kama inavyotakiwa. Ukiweka namba tupu bila shinikizo la upepo, pua itasukumwa sawa kwa noti 80 na kwa noti 150, na hilo ni kosa.

Kwenye Microsoft Flight Simulator, kwa ndege ambazo faili zake zinafunguka, angalia flight_model.cfg, sehemu ya AERODYNAMICS. Mistari miwili inakuhusu: drag_coef_gear kwa mburuto, na pitch_moment_gear kwa msukumo wa pua. Badilisha mmoja kwa wakati. Ukiigusa yote miwili pamoja hutajua kipi kimefanya nini.

Hatua ya mwisho: Yapandishe ukiwa chini

Jaribio la kupandisha watu huliruka, na mimi naliona ndilo la hatari zaidi. Fikiria umekataa kutua. Nguvu ya injini yote, mshuko umekuwa mpando, unapandisha magurudumu. Kila kitu kinageuka. Ule msukumo wa kuinamisha unaondoka, mburuto unaondoka, na trimu bado iko kwenye nafasi ya kutua, ya kasi ndogo. Nguvu nyingi ya injini kwenye ndege nyingi inaongeza kuinua pua juu ya hayo. Pua inataka kwenda juu wakati kasi yako ni ndogo kuliko wakati wowote wa safari.

Ufanye kwa futi 4,000 kwanza, ukijifanya futi 3,500 ndiyo ardhi. Teremka kwa kasi ya kutua, magurudumu nje, trimu imekaa. Toa nguvu yote, subiri kipimo cha kupanda kionyeshe mpando wa hakika, pandisha magurudumu, na ushikilie pua kwa kusukuma mpaka kasi ifike kwenye ile ya kupandia. Andika ilikubidi usukume kiasi gani, na trimu ilirudi mizunguko mingapi kabla mkono haujawa huru tena. Ukishafanya mara tano na namba hazibadiliki, shuka ufanye kwenye njia ya 36.